Bustani ya Treptow na Kaburi la Songea

Bustani ni kazi ya mikono ya watu iliyovikwa vazi la maumbile. Mpitaji huona miti, nyasi na maji, akadhani kwamba vitu hivyo vimejiotea. Walakini kila mti umewekwa mahali pake kwa kusudi, na kila njia imepindishwa ili jicho lione kitu kimoja na likikose kingine. Jambo hili lilimdhihirikia mzee mmoja wa Songea, mwalimu aliyestaafu, alipofika Berlin mwezi wa Oktoba, 2024, kumzuru mjukuu wake aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha mji ule.

Mjukuu alikuwa amepanga kumwonyesha babu yake majumba na minara. Lakini asubuhi ya siku ya pili, baada ya shikamoo na chai, mzee alisema, "Mjukuu wangu, majumba yatangoja. Nipeleke kwanza katika bustani ya Treptow." Kijana alistaajabu. Yeye mwenyewe alizoea kwenda huko siku za Jumapili kupunga upepo kando ya mto Spree, wala hakupata kusikia kwamba bustani ile ilikuwa na neno lolote na watu wa kwao. Kwa heshima hakuuliza. Walivaa makoti, wakapanda treni ya mjini, wakaenda.

Bustani ya Treptow ilibuniwa na Gustav Meyer, mkuu wa kwanza wa bustani za mji wa Berlin. Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1876 ikamalizika mwaka 1888. Meyer alifariki mwaka 1877; kwa hiyo alichora vivuli ambavyo yeye hakupata kuvikalia. Kusudi lake lilikuwa jema. Mji ulikuwa ukijaa viwanda na moshi, na watu wa kazi waliosongamana katika vyumba vyao walihitaji mahali pa kuvuta pumzi, na watoto wao mahali pa kucheza. Mzee alipita chini ya mistari ya miti mirefu ambayo magome yake hubanduka kama ya mpera, majani ya manjano yakimwangukia mabegani. Alikuwa amejiandaa kuichukia bustani ile tangu alipokuwa Songea. Alipokuta inapendeza alifadhaika, kama mtu aliyekwenda kwa adui yake akapokewa na watoto wa adui wakimshika mkono.

Walipofika kwenye bwawa la samaki mzee alisimama. Bata walikuwa wakielea, na mama mmoja alikuwa akisukuma kigari cha mtoto. Hapo ndipo alipomweleza mjukuu wake lililomleta. Mwaka 1896, kuanzia Mei hata Oktoba, bustani ile ilikuwa uwanja wa maonyesho makubwa ya viwanda na biashara, yaliyotazamwa na watu mamilioni. Sehemu moja yake iliitwa maonyesho ya makoloni, na ilikuwa hapo bwawani. Watu zaidi ya mia moja waliletwa kutoka nchi zilizotawaliwa na Wajerumani, wakajengewa vijiji vya kuigiza. Walikuwamo Waswahili na Wamasai kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Kupika kwao kulikuwa tamasha, na kucheza ngoma kwao kulikuwa tamasha. Mtaalamu mmoja, Felix von Luschan, aliwapima miili yao na kuandika vipimo. Wengine hawakurudi kwao. Mauti yaliwakuta ugenini.

"Mmoja wao," alisema mzee, "Kwelle Ndumbe wa Kameruni, alikwenda akanunua darubini ndogo ya thieta. Watu walipokuja kumtazama, naye akawatazama."

Kijana alicheka, kisha akanyamaza. Si mbali na pale, katika bustani iyo hiyo, ipo darubini nyingine yenye urefu wa mita 21, iliyoundwa na Archenhold kwa ajili ya maonyesho yale yale, nayo ingali ikitunzwa. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Chombo kile kiliwawezesha watu kuona milima ya mwezini, nao hawakuweza kumwona mtu aliyesimama mbele yao. Umbali huwa kitu kidogo kwa jicho linalotaka kuona, na ukaribu haulifai kitu jicho lisilotaka.

Baada ya maonyesho kupita miaka kumi isiyotimia, vita vya Majimaji vilizuka, na moto wake ukafika Ungoni mwaka 1905. Tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani waliwanyonga katika Songea wakuu na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya sitini, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama; Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina, alinyongwa siku chache baadaye. Babu yake mzee wetu alikuwa mtoto mdogo mwaka ule, naye alisimulia hata uzeeni jinsi mashamba na maghala yalivyochomwa, na jinsi mama yake alivyomlisha mizizi ya porini. Husimuliwa pia kwamba Nduna Songea alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Waliopimwa wakiwa hai kando ya bwawa na waliopimwa wakiwa mafuvu walipimwa kwa fikira moja. Hii ndiyo kamba iliyoifunga bustani ile na kaburi la Songea, na mzee alikuja kuishika ncha yake ya pili.

Walitoka bwawani wakaenda mahali ambapo Meyer alikuwa ametengeneza uwanja mpana wa michezo. Uwanja ule sasa ni makaburi. Askari wa Kisovieti wapatao 7,000, waliokufa katika vita vya kuitwaa Berlin mwaka 1945, wamezikwa pale, na ukumbusho wao ulifunguliwa mwaka 1949. Juu ya kilima imesimama sanamu ya askari aliyepakata mtoto kwa mkono mmoja, na upanga ameuteremsha kwa mkono wa pili. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, na maua mabichi yaliwekwa na watu wasioonekana.

"Nani hutunza mahali hapa?" aliuliza mzee.

"Wajerumani wenyewe, babu. Walifanya mapatano na Warusi."

Mzee alivua kofia. Hao waliolala pale walikuja wakiwa maadui wa mji, na mji uliweka ahadi ya kuyatunza makaburi yao, ukaitimiza. Basi haikuwa kweli kwamba jambo hili ni gumu kupita uwezo wa wanadamu. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba radhi mbele ya ukoo wa Mbano, akaahidi msaada wa kukitafuta kichwa, ingawa hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Mwaka huo huo mafuvu ya Afrika Mashariki zaidi ya 1,100 yaliyohifadhiwa Berlin yalikuwa yamechunguzwa, na matatu yalipatiwa ndugu zao walio hai, watu wa Kilimanjaro. La Nduna halikuwamo.

"Babu, umekasirika?" aliuliza kijana walipokuwa wakirudi.

"Nilikasirika nilipokuja. Sasa naona haya."

Mjukuu hakuelewa, naye hakuelezwa siku ile. Mzee alikumbuka kwamba miaka thelathini na zaidi alifundisha wanafunzi tarehe ya kunyongwa kwa mashujaa, wakaikariri, wakafaulu. Walakini yeye mwenyewe alipita mbele ya makaburi ya Mahenge, pale penye Makumbusho ya Majimaji, akienda sokoni na kurudi, asiingie ila siku za sherehe. Alikuwa ameyadai mapenzi ya wageni kwa kaburi ambalo yeye alilipa saluti mara moja kwa mwaka. Dai lake halikupungua haki kwa sababu hiyo, maana deni la mtu halifutwi na uzembe wa mdai; lakini mdai mzembe hudai kwa sauti dhaifu.

Tarehe 27 Februari, 2025, watu wa Songea walipokusanyika kwa kumbukumbu, naye alikuwapo. Ngoma zilipokwisha na wageni wa heshima walipoondoka, alibaki. Alikaa mbele ya kaburi la Nduna, mawingu ya mvua yakikusanyika juu ya milima ya Matogoro. Vijana wawili waliokuwa wakipita njia walimwamkia, wakamwuliza anamngoja nani. Aliwaambia waketi, akaanza kuwasimulia tangu mwanzo, kaburi hili limekosa nini na pa kukitafuta ni wapi.