Mwalimu, Sina Bukta

Kila mwalimu aliyewahi kushika filimbi anayajua maneno haya: "Mwalimu, nimesahau bukta." "Mwalimu, nguo zimefuliwa, hazijakauka." "Mwalimu, tumbo linaniuma." Husemwa kwa sauti ya chini, macho yakitazama ardhi, na mara nyingi na watoto walewale kila juma. Naandika machache niliyojifunza kuyahusu, kwa kuwa somo la michezo hudharauliwa, na mtoto asiye na nguo za michezo hudharauliwa kuliko somo lenyewe.

Chuoni tulifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kupima uwanja, kuchora mistari kwa majivu, na kuwapasha watoto viungo moto kabla ya mbio. Hatukufundishwa la kufanya na mtoto mwenye sare moja tu, ambayo akiichafua leo, kesho hana ya kuvaa. Na watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Waliofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, wanakumbuka jinsi nguo na sabuni zilivyoadimika madukani. Baadaye mitumba ilipoingia kwa wingi, bukta zilionekana hata vijijini, lakini si kila mzazi aliyeweza kununua nguo ya mchezo wakati ya darasani ina viraka.

Kwa desturi dawa zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kumrudisha mtoto nyumbani. Ya pili ni kumpa fagio mpaka wenzake wamalize. Ya tatu ni fimbo. Kuhusu fimbo, kanuni za serikali za mwaka 2002 zilisema viboko vitolewe kwa makosa makubwa, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kukosa bukta si kosa kubwa. Mara nyingi si kosa kabisa. Fagio nalo lina ubaya wake. Linamfundisha mtoto kwamba kazi ni adhabu, jambo lililo kinyume na Elimu ya Kujitegemea tuliyoihubiri tangu 1967. Tena mvivu wa kweli hulipenda fagio, kwa sababu hulishika kivulini.

Lakini dawa mbaya kuliko zote ni ile ya kwanza. Nilipohamishiwa shule moja kuwa mwalimu mkuu, niliketi kupitia vitabu vya mahudhurio. Nikaona kwamba siku ya Alhamisi wasichana wa madarasa ya juu walikosekana kuliko siku nyingine. Haikuwa siku ya gulio, wala hayakuwa majira ya mavuno. Ilikuwa siku ya michezo, na utaratibu nilioukuta ulikuwa kwamba asiye na nguo arudi kwao. Nikamwomba mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima mwenye staha, azungumze nao mmoja mmoja.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wengine hawakuwa na nguo ya ndani iliyo nzima, wakaona haya kubadili sketi mbele ya wenzao. Wengine walikuwa katika siku zao, na shule haikuwa na maji wala mahali pa kujisitiri. Na mmoja, mkimbiaji hodari, alikuwa amerudishwa mara mbili. Baba yake akaamua kwamba kama shule haimtaki Alhamisi, basi Alhamisi auze maandazi. Alhamisi ikazaa Ijumaa. Nilipopata habari zake, alikuwa hajaonekana shuleni kwa majuma kadhaa, naye alikuwa darasa la sita.

Nilikwenda kwao jioni. Baba yake akanipa kiti, tukasalimiana, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikumtoa shule. Ninyi ndio mliomrudisha."

Nikamjibu, "Ndiyo sababu nimekuja kumfuata, mzee mwenzangu. Kesho aje na sare hiyohiyo."

Akaja. Mwaka uliofuata akamaliza darasa la saba.

Tangu hapo sheria ya kwanza ilikuwa hii: hakuna anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo. Ya pili, tuliweka sanduku la akiba. Walimu na wazazi walichangia bukta, fulana, sketi ndefu, na suruali pana kwa wasichana ambao dini yao huwataka wajisitiri. Yule mwalimu wa kike ndiye aliyeshika ufunguo, na nguo iliazimwa asubuhi kabla ya kengele, si uwanjani mbele ya macho ya watu. Chumba cha stoo kikafanywa mahali pa wasichana kubadilishia nguo, na pipa la maji likawekwa humo.

Ya tatu, hakuna swali linaloulizwa mbele ya mstari. Mwalimu alikuwa na daftari lake la wenye pumu na wenye selimundu, maana mtoto wa selimundu akikimbizwa juani bila maji anaweza kuangukia katika maumivu makali, na mwalimu asiyejua atamwita mvivu. Mwezi wa Ramadhani vipindi vya michezo tulivisogeza asubuhi na kuvifanya vyepesi.

Ya nne, asiyecheza ana kazi, na kazi hiyo imo katika andalio la somo: kushika saa, kupima miruko kwa futi kamba, kuandika alama, kuwa mwamuzi wa pembeni. Mwisho wa kipindi yeye ndiye anayesoma matokeo. Hapo mtoto amejifunza hesabu na kanuni za mchezo, wala hakuaibika.

Kuhusu viatu, wapo walimu waliokataza kabisa kukimbia pekupeku. Mimi huwakumbusha Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, na miaka minne baadaye akashinda tena mjini Tokyo akiwa navyo. Ila Bikila hakukimbia penye mbigili na vipande vya chupa. Kwa hiyo kila kipindi kilianza kwa darasa zima kujipanga mstari mmoja na kutembea uwanja mzima, likiokota kila chenye ncha. Hiyo nayo ni sehemu ya kupasha viungo moto.

Wabaki wavivu, maana nao wapo. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyesahau bukta kila juma, ingawa nyumbani anazo mbili. Tulimpa filimbi na kitabu cha sheria, na kila Alhamisi alitakiwa kuwaeleza wenzake sheria moja ya mpira wa miguu. Alipofika kwenye kuotea, wenzake walimchachafya kwa maswali hata jasho likamtoka. Juma lililofuata alikuja na bukta. Hakuguswa na fimbo wala hakutukanwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walimu vijana wakiniuliza wafanye nini na mtoto asiye na nguo za michezo, huwaambia waanze kwa kufurahi kwamba amekuja. Angeweza kujificha vichakani, akashinda huko mpaka saa ya kwenda nyumbani. Amesimama mbele yako, amekwambia hana. Mpe saa ashike, kisha baadaye, mkiwa wawili tu, muulize kwa nini hana.