Barua kutoka Uingereza: Tamko la diwani lisomwe na mpiga kura



Huku Uingereza mimi ni mgeni mwenye kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kumchagua diwani hata kama hana uraia wa Uingereza, ndiyo maana Mtanzania na Mkenya hupanga foleni kituoni pamoja na wenyeji. Uchaguzi unapokaribia, kabla sijagusa vipeperushi vya vyama, naingia kwanza kwenye tovuti ya halmashauri na kusoma daftari la maslahi ya madiwani.

Daftari hilo ni fomu za kurasa chache tu. Diwani anaandika kazi yake na anayemlipa, waliomchangia fedha za uchaguzi, ardhi na nyumba alizonazo ndani ya eneo la halmashauri, hisa zake kwenye kampuni zilizo na shughuli humo, na mkataba wowote alionao na halmashauri. Maslahi ya mume au mke wake anayoyajua nayo yanaandikwa. Fomu haimuulizi ana kiasi gani benki; inataka kujua maslahi yake yako wapi. Kwa sheria ya mwaka 2011 anatakiwa kuijaza ndani ya siku 28 tangu ashike udiwani. Akiacha kuijaza bila sababu ya msingi, au akiandika uongo kwa kujua, hilo ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kumfungia udiwani kwa muda usiozidi miaka 5.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha kamati ya mipango miji, nikakaa kwenye viti vya wananchi. Kabla ya jambo lolote mwenyekiti aliuliza nani ana maslahi katika ajenda za siku hiyo. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema kiwanja kinachoombewa kibali kinapakana na duka la mumewe. Ilipofika zamu ya ombi hilo alichukua koti na mkoba wake akatoka, mlango ukafungwa. Wenzake wakajadili, wakapiga kura, kisha akaitwa arudi. Hakuna aliyeshangaa. Mimi mawazo yalinipeleka kwenye ugawaji wa vizimba vya soko huko kwetu, nikajiuliza ni mara ngapi mjumbe hutoka nje kwa sababu shemeji yake naye ameomba.

Msidhani lakini kwamba huku mambo yote yamenyooka. Mwaka 1995, baada ya kashfa ya wabunge kulipwa ili waulize maswali bungeni, kamati ya jaji Lord Nolan iliweka misingi 7 ya utumishi wa umma, na kanuni za maadili za kila halmashauri nchini England lazima ziendane nayo. Misingi ipo hadi leo. Adhabu ndizo zilizopunguzwa. Bodi iliyosimamia maadili ya madiwani wa England ilifutwa mwaka 2012, na tangu hapo halmashauri zikapoteza uwezo wa kumsimamisha diwani. Akithibitika kuwatukana au kuwatisha watumishi, atakaripiwa, ataambiwa aende mafunzoni, pengine ataondolewa kwenye kamati. Kesho yake yuko kikaoni, na mtumishi aliyemlalamikia ndiye anayemwandalia makabrasha. Kwangu huo ni ukatili. Jirani zao wa Scotland na Wales hawakufanya hivyo: huko diwani anaweza kusimamishwa hadi mwaka mmoja, na kosa likiwa zito akafungiwa hadi miaka 5.

Wengi wenu mliona video ya kikao cha kijiji cha Handforth cha Desemba 2020, madiwani wakifokeana kwenye Zoom hadi ofisa aliyekuwa akisimamia kikao, Jackie Weaver, akamtoa mwenyekiti. Watu walicheka dunia nzima. Uchunguzi uliofuata uligharimu zaidi ya pauni 80,000. Kamati ya maadili ya kitaifa ilikuwa imeshapendekeza, Januari 2019, kwamba uwezo wa kumsimamisha diwani hadi miezi 6 urudishwe. Serikali ilianza kukusanya maoni juu ya jambo hilo Desemba 2024, karibu miaka 6 baadaye.

Sisi Watanzania hatukuanza jana. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi, diwani akiwemo, kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Kisha mwaka 1995, mwaka ule ule wa Nolan, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na madiwani wamo. Kila mwaka, kabla ya Desemba kwisha, wanapeleka tamko la mali na madeni kwenye Sekretarieti ya Maadili. Tamko likishafika huko, si rahisi mwananchi wa kata kuliona. Anayejua kama mkandarasi wa barabara ya mtaa ni mdogo wake diwani ni jirani yake, na jirani hana karatasi ya kushika mkononi.

Najua atakayesema kwamba mali ikiwekwa wazi wezi watajua pa kwenda. Huku diwani anayetishiwa anaweza kuomba taarifa zinazomhatarisha zisichapishwe, na zilizobaki zinasomwa kama kawaida.

Madiwani mliowachagua Oktoba 2025 bado wana muda mrefu mbele yao. Kwenye mkutano ujao wa kata, msimame mumuulize wa kwenu: una viwanja wapi katika halmashauri hii, na ndugu yako yupi ana zabuni nayo? Kisha mwambieni mbunge wenu alete bungeni marekebisho ya sheria, ili maslahi ya diwani yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, pale pale panapobandikwa mapato na matumizi.