Usimbebee Mdogo Wako Printa

Msimu wa kwenda nyumbani ukikaribia, swali hili huzunguka sana kati yetu tulio Uingereza: mdogo wangu kapata chuo, nimpelekee printa? Zile printa ndogo za Wi-Fi, zinazoprinti, kuskani na kutoa kopi, zinauzwa huku hadi kwenye supamaketi, na bei yake mara nyingi haifiki hata ya raba nzuri. Boksi ni jepesi, begi linalipokea. Mimi nasema usimpelekee. Unafuu wa printa hiyo umetengenezwa na mazingira ya huku, na mazingira hayaingii kwenye begi.

Kiwanda humwachia mnunuzi mashine kwa bei ya chini, kisha hurudisha fedha yake kwenye wino. Chukua HP DeskJet za familia ya 2700, ambazo Ulaya hutumia katriji namba 305. Katriji ndogo nyeusi imekadiriwa kutoa kurasa 120 tu, na ya rangi 100, tena kurasa za kipimo, zenye maandishi ya wastani bila picha kubwa. Ukiinunua nyeusi kwa pauni 12, kila ukurasa umekugharimu peni 10 kabla hujagusa karatasi. Mwanafunzi wa huku haumii sana kwa sababu haprinti sana. Kazi zake anaziwasilisha mtandaoni, na akihitaji karatasi anakwenda maktaba, anagusisha kitambulisho kwenye mashine kubwa na kukatwa peni chache kwenye salio lake. Au anajiunga na mpango kama Instant Ink wa HP, ulioanza Marekani mwaka 2013: analipia idadi ya kurasa kwa mwezi, printa yenyewe inatoa taarifa kwa intaneti kwamba wino unakaribia kwisha, katriji mpya inaletwa kwa posta. Akiacha kulipia, katriji zile zinagoma hata kama zina wino. Mpango huo unahitaji kadi ya benki ya kukatwa kila mwezi, posta ya kufika mlangoni na intaneti ya kudumu. Mpelekee printa hiyo mwanafunzi anayekaa chumba cha kupanga Changanyikeni, Dar es Salaam, na baada ya kurasa 120 amebakiwa na meza ya kuwekea vitabu.

Huko Dar es Salaam kazi ya ile mashine ya maktaba inafanywa na steshenari. Mwanafunzi anafika na flashi, au anatuma faili kwa WhatsApp kwenye namba iliyobandikwa ukutani. Anaulizwa kopi ngapi, pande mbili au moja, abaindiwe au zibanwe tu kwa stepla. Dakika chache baadaye anaondoka na kazi yake ikiwa na kava la plastiki mbele. Wapo wanaoliona jambo hili kama dalili ya unyonge, kwamba mtu hana printa yake ndiyo maana anapanga foleni. Mimi naliona ni busara ileile ya maktaba ya huku: mashine moja kubwa, watumiaji wengi, kila mmoja akilipa alichotumia. Kwa hiyo zawadi yoyote ya printa inabidi kwanza ishindane na steshenari.

Na kuishinda si rahisi, hata kwa printa sahihi. Printa sahihi kwa mazingira yale ni ya tangi, inayojazwa wino wa chupa. Historia yake inapaswa kutupa moyo, kwa sababu haikuanzia Ulaya wala Marekani. Mafundi wa Indonesia walikuwa wakiziunganishia printa za kawaida matangi ya nje kwa mipira myembamba, ili wateja wao waepuke katriji za bei mbaya. Epson waliliona hilo na mwaka 2010 wakaanza kuuza hukohuko Indonesia printa yenye tangi kutoka kiwandani. Marekani iliipata 2015. Leo Epson L3250, inayopatikana kirahisi Dar es Salaam na Nairobi, ina Wi-Fi, na chupa moja nyeusi ya mililita 65 imekadiriwa kurasa 4,500. Unafungua kifuniko, unamimina, unaona kwa macho wino ukipanda hadi kwenye mstari wa juu.

Sasa tupige hesabu kwa bei za kukisia. Tuseme printa ni shilingi 550,000, steshenari inatoza 150 kwa ukurasa, na ukiprinti mwenyewe karatasi na wino vinakula 40. Unaokoa 110 kila ukurasa, kwa hiyo fedha ya mashine inarudi baada ya kurasa 5,000. Mwanafunzi mmoja wa miaka mitatu hafiki huko kirahisi. Wanne wa chumba kimoja wanafika: kila mmoja kurasa 1,250, yaani kama 417 kwa mwaka, na ukijumlisha notsi, mitihani ya nyuma na rasimu za utafiti hazikosi. Ndiyo maana ushauri wangu ni ama achangiwe printa ya chumba, ama atumiwe fedha ya steshenari.

Kuna hoja moja ya kumiliki ambayo hesabu haiioni, nami naipa uzito mkubwa. Fomu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inaprintiwa, inasainiwa, inaskaniwa na kupandishwa tena mtandaoni pamoja na vyeti. Nyaraka hizo zikipita steshenari, nakala zake huweza kubaki kwenye kompyuta inayofunguliwa na kila mtu. Simu inaskani vizuri siku hizi, lakini haiprinti.

Wengine watasema: basi ninunue ya tangi hukuhuku. Angalia namba za wino. L3250 inatumia 103. Ndugu yake wa Ulaya, ET-2810, anatumia 104. ET-2800 ya Marekani inatumia 522. Mwenye duka atakayekuwa na chupa sahihi ni yule aliyeuza printa sahihi, na ndiye wa kurudishiwa ikiharibika ndani ya garantii.

Printa ya wino nayo ina ubovu wake, na ni haki mdogo wako aujue: ikikaa likizo nzima bila kazi, vitundu vya wino huziba. Ukurasa mmoja au kurasa mbili za rangi kila wiki zinatosha kuikinga. L3250 pia haigeuzi karatasi yenyewe; ni mkono.

Kuhusu Wi-Fi, jina hilo linapotosha. Mitandao ya vyuo kama eduroam humtaka kila mtu aingie kwa jina na nywila yake, jambo ambalo printa nyingi za bei nafuu hazijui kulifanya, huku Uingereza na nyumbani vilevile. Kinachohitajika ni Wi-Fi Direct, inayounganisha simu na printa bila kupitia mtandao wowote. Kwa hiyo mwambie kabla ya kulipa aweke programu ya printa kwenye simu, azime data, kisha aprinti ukurasa mmoja palepale kaunta.