Kobe wa Serikali, Jiwe la Mama

Katika mijadala yetu kuhusu ardhi tumezoea kumchukulia mnyama wa porini kama mkazi wa mbugani. Tsavo ina ndovu, Mara ina simba, na raia ana shamba lake. Mgawanyo huo ni rahisi kuufundisha darasani, ila haufanani na nchi tuliyo nayo. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya hifadhi za taifa, katika ardhi ya watu binafsi na ya jamii. Mmoja wao ndiye ambaye kazi yangu ya biolojia imenipeleka kumtafuta, msimu baada ya msimu, katika majabali ya Kitui upande wa Mwingi: kobe bapa, ambaye wataalamu humwita Malacochersus tornieri.

Huyu si kobe wa ngano za utotoni. Gamba lake ni jembamba na hubonyea ukiligusa. Urefu wake hauzidi sana sentimita 17, na kimo chake ni cha kobe aliyekandamizwa na mtu. Akishtuka hajikunyati ndani ya gamba. Hukimbia, tena kwa kasi ya kumwaibisha anayedhani kobe wote ni wazembe, mpaka kwenye ufa wa mwamba, akajibana humo kwa miguu hata ukimvuta hatoki. Maisha yake yote yanautegemea ufa huo. Ukiwa mpana mno, adui ataingia. Ukiwa finyu mno, yeye mwenyewe hatapita. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Nje ya Kenya na Tanzania anajulikana kuwapo katika sehemu ndogo tu ya Zambia.

Kazi yenyewe haina fahari. Unalala kifudifudi juu ya jiwe, unamulika tochi ufani, unahesabu. Anayefikiwa na mkono hupimwa na kutiwa alama ndogo ukingoni mwa gamba ili msimu ujao atambulike, kisha hurudishwa katika ufa uleule, si wa jirani. Unaandika pia hali ya mahali: vichaka vilivyofyekwa, majivu ya tanuri la makaa, alama za mtaimbo. Hizo za mtaimbo ndizo zinazonitia simanzi zaidi. Wenye magendo, wanaowatafuta kobe hawa ili wauzwe ng'ambo kama wanyama wa kufuga nyumbani, huubomoa mwamba ili wamfikie mnyama. Mti ukikatwa unaweza kupanda mwingine. Ufa uliochongwa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka haupandwi.

Lakini kabla ya tochi kuna hodi. Kila jabali lina mwenyewe. Kibali changu cha utafiti kina mihuri ya kutosha, na hakuna hata mmoja unaoniruhusu kuvuka ua wa mtu bila idhini yake.

Mwaka huu nilipiga hodi kwa mama mmoja mjane, mkulima wa mtama na ndengu, ambaye jabali limesimama katikati ya shamba lake kama mgeni asiyeaga. Mnunuzi wa kokoto alikuwa amekwisha kumtembelea mara mbili. Mama ana wajukuu wawili katika shule ya upili. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza:

"Daktari, huyu kobe ni wa nani?"

"Ni wa Serikali, mama, kwa niaba yetu sote."

"Na jiwe?"

"Jiwe ni lako."

"Basi Serikali na ije imchukue kobe wake, nami niuze jiwe langu."

Hakusema kwa kejeli. Nimesoma hukumu za mahakama zilizokuwa na mantiki hafifu kuliko hiyo.

Jibu la Serikali, kwa ufupi, ni adhabu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamwandama mwindaji na mfanyabiashara haramu, nami sina ugomvi na hilo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimhamishia kobe huyu katika orodha ya kwanza, yenye masharti makali kuliko zote. Wanasayansi wa IUCN nao wamemweka miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Vyema. Ila katika hayo yote mwenye shamba anatajwa akikosea tu. Fidia iliyomo katika sheria hiyo ni ya aliyeuawa, aliyejeruhiwa au aliyeharibiwa mali na wanyama kama ndovu na chui. Kobe hamuui mtu wala havunji ghala, kwa hiyo anayemtunza hana cha kudai. Wala mtalii hatamwokoa: hakuna anayepanda ndege kuja kutazama kitu kilichojificha ufani.

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma watanikumbusha kwamba njia ipo, na ni kweli. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinairuhusu mahakama kukiwekea kipande cha ardhi masharti ya kulinda mazingira. Kifungu cha 116 kinampa mwenye ardhi fidia kwa matumizi aliyoyapoteza, na mahakama ikiridhika kwamba sehemu hiyo ina umuhimu wa kitaifa, yaweza kuiamuru Serikali ilipe. Hatuzungumzii maelfu ya ekari hapa. Ni jabali moja, pengine dogo kuliko uwanja wa kandanda. Nimewauliza maafisa kadhaa iwapo wamewahi kuombewa bajeti ya jambo kama hilo. Wengi walidhani nawatania.

Wanachokitaka ni ramani. Ofisi moja ilinidai orodha kamili ya majabali, na mahali hasa yalipo, iiambatishe kwenye ripoti ya umma. Nilikataa, nami nawaambia wanafunzi wanaoniomba takwimu hizo kwamba jibu ni lilelile. Orodha hiyo ingemfikia mwenye mtaimbo kabla haijamfikia waziri, na mlango ambao angeubisha usiku ni wa mama yule, si wangu.

Kwa sasa ameuza upande wa magharibi wa jabali, ambako nyufa ni chache. Wa mashariki ameniachia hadi mvua za Novemba, bila karatasi yoyote, kwa neno lake tu. Mwenzangu wa kitivo cha sheria anaandaa ombi la kupeleka mahakamani. Mnunuzi wa kokoto naye ameacha namba yake ya simu.