Matembezi Bondeni

Jumamosi moja ya kiangazi, kazi ya kupalilia migomba ilipokwisha, tulifunga safari ndogo pamoja na mama watoto, watoto wetu watatu na bibi yao. Ulikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, ambao hata mtoto wa miaka sita auweza. Tulichukua viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu na kibuyu cha maji.

Kwetu ni Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Nchi hii ni ya vilima: juu majani, katikati migomba na mibuni, na chini mabonde yenye mafunjo. Maji ya mabonde hayo huteremkia Kagera, mto upitao mpakani mwetu na Rwanda na Uganda, nao ni mkubwa kupita mito yote iingiayo Ziwa Viktoria.

Tulishuka umande ungali majanini. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko watu wawili waliopandana mabegani. Tukawaonya watoto wasiiache njia, kwa maana tope halionyeshi kina chake. Waliponyamaza, tukawaona korongo wawili wenye taji wakitembea taratibu. Ndiye ndege aliye katika bendera ya Uganda. Siku hizi amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwa kuwa hujenga kiota chake penye majimaji, na bonde likikaushwa hana pa kutagia.

Mbele kidogo mtoto wa pili akauliza, "Baba, nani ameyakata mafunjo haya?"

Tuliona haya, maana tuliyakata sisi wenyewe. Mwaka uliotangulia tulitaka kuongeza shamba la kabichi, tukachimba mfereji wa kutoa maji. Mavuno ya kwanza yalikuwa mema. Msimu wa pili udongo ulipasuka, na kisima cha jirani zetu kilicho chini ya hapo kikapungua. Tukawaambia kwamba ni jua kali. Twaijua Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kando ya mito na maziwa. Lakini tulijidanganya kwamba bonde letu si mto.

Bibi hakutukemea. Aliokota donge la shambani mwetu, likawa vumbi mkononi mwake. Kisha akachota udongo chini ya mafunjo, akaukamua, maji yakamchuruzika vidoleni.

"Mwanangu," akasema, "bonde hili ni mtungi. Nani hutoboa mtungi wake apate pa kupandia?"

Hatukuwa na jibu. Tukapanda kimya hata msituni, tukaketi kivulini tukala, na nyani wakitutazama kwa mbali. Hapo tuliwasimulia watoto habari za Mtagata, chemchemi ya maji moto iliyomo humu humu Kyerwa. Stanley, msafiri Mzungu, aliifikia mwaka 1876, na hata leo watu huenda kuoga, wakitumaini nafuu ya maumivu yao. Miti ingali imeizunguka.

Jumatatu tuliwaendea jirani zetu, tukawaeleza ukweli juu ya kisima. Mmoja alikasirika, naye alikuwa na haki. Hata hivyo walikuja na majembe, tukaufukia mfereji pamoja. Mafunjo yameanza kuchipua kutoka mizizi iliyobaki, lakini kisima hakijarudia kimo chake cha zamani, na watoto wa jirani wangali wakisubiri zamu wakiwa na ndoo zao.

Ninyi wenye watoto, watembezeni bondeni. Tokeni mapema kabla ya jua kali, vaeni viatu vizuri, msikaribie maji yenye viboko, na mchukueni mzee mmoja aijuaye njia. Nao watoto wakiuliza nani amekata mafunjo, wajibuni kweli.