Mota ya njia tatu kwenye umeme wa njia moja: nilivyotaka kumuumiza mtu

Wengi mmeniuliza kama mota ya njia tatu inaweza kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi kijijini ambako kuna umeme wa njia moja tu. Inaweza. Ila kabla hamjaenda mbali, nisikilizeni yaliyonikuta.

Kikundi kimoja katika kata yangu kilinunua mota ya mtumba, kilowati 1.5, kwa bei nzuri. Ilipofika ndipo tukagundua ni ya njia tatu. Hela ilikuwa ya hisa za akina mama, na mimi ndiye niliyewaambia wainunue. Nikaahidi kutengeneza kifaa cha kuiendesha.

Kazi yenyewe inaeleweka. Umeme wa volti 230 ukipita kwenye dayodi na kapasita kubwa unakuwa wa DC, volti kama 325. Moduli ya nguvu inaukatakata haraka sana na kuutoa kwenye nyaya tatu. Ndani ya moduli mna transista sita za kubeba mzigo, saketi za kuziamrisha, na ulinzi wa kuzima mzigo ukizidi. Yangu niliing'oa kwenye bodi ya kiyoyozi kibovu cha inveta. Kibati cha mota kilisomeka volti 230/400, kwa hiyo nyaya zake nikazifunga pembetatu. Ukifunga nyota kwenye kifaa cha volti 230, mota inakosa nguvu.

Mota iliwaka polepole, bila kishindo, akina mama wakapiga vigelegele. Raha ile ndiyo iliyonipumbaza.

Moduli ya kwanza iliungua siku ya tatu. Ina pini inayotoa taarifa ya hitilafu, nami sikuiunganisha, nikidhani moduli itajilinda yenyewe. Inajilinda, lakini kwa muda mfupi mno, kisha inajaribu tena. Gunzi lilipokwama kwenye mashine, ikazima na kuwasha mfululizo hadi ikafa. Pini hiyo lazima iamuru kifaa chote kisimame mpaka mtu aje akiwashe. Pia nilikuwa nimeifunga kwenye aluminiamu bila grisi ya kupitisha joto. Uvivu tu huo.

Lakini moduli hununuliwa. Lililoninyima usingizi ni jingine. Nilichomoa plagi, taa ikazimika, nikafungua kasha na kumwambia Mama Mwenyekiti, "Imezimwa, nishikie hapo." Akauliza, "Una hakika, bwana shamba?" Nikasema ndiyo. Bisibisi ikaniponyoka, ikaangukia ncha za kapasita, ukatoka mlio kama wa bunduki. Ncha ya bisibisi ikayeyuka. Mkono wake ulikuwa umbali wa vidole vinne.

Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Yangu ilikuwa ya maikrofaradi 680 na sikuweka kizuizi cha kuimaliza. Nilipoweka cha kiloomu 47, wati 5, ilichukua kama dakika moja kushuka hadi volti 50. Sasa nasubiri dakika tano, kisha napima kwa mita kabla ya kugusa. Kizuizi nacho huweza kukatika, kwa hiyo usiruke kupima. Na msinizungumzie habari ya kujaribu kwa kidole.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nakwambia usitengeneze. Nilipojumlisha risiti zangu, pamoja na moduli iliyoungua, zilikaribia bei ya kifaa kilichokwisha tengenezwa dukani. Muuzaji mwambie hivi: kinachopokea njia moja volti 220 na kutoa njia tatu volti 220, chenye ampea zinazofika zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mota upande wa pembetatu. Yetu ilikuwa 6.1. Usikubali akuuzie kinachopokea 380. Na kama bado hujanunua mota, nunua ya njia moja tu, uachane na haya yote.

Kikundi nimekinunulia cha dukani, nalipa kidogo kidogo. Langu liko kabatini ofisini. Mama Mwenyekiti bado ananiita mashine ikisumbua, ila siku hizi ananifungulia mlango, anasimama nje, anauliza, "Imezimwa tangu saa ngapi?"