Nilimwambia Mshkaji Neti Mbovu, Kumbe Nimefuta Gemu

Leo sileti umbea wa mastaa, leo najianika mwenyewe. Majina siweki, wahusika wakisoma watajijua.

Tulikuwa wanne: mimi, fundi simu mmoja wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, mwana wa Kigamboni aliyekuwa anacheza akiwa ndani ya pantoni, na kapteni wetu. Gemu lenyewe ni lile la watu 100 wanashushwa kisiwani, inabaki skwadi moja. Mwaka 2020 tulikuwa hatulali. Ukibonyeza kuanza, sekunde chache tu watu wamejaa.

2022 kapteni akapata kazi Muscat. Akatuaga, "Tutaonana kisiwani." Na kweli, saa nne usiku kwetu, saa tano kwake, yupo. Alikuwa ananiomba nisizime maiki, amsikie muuza kahawa akigonga vikombe vyake huku mtaani.

Baadaye gemu likaanza kupoa. Unasubiri dakika nzima, mbili. Ukiingia, nusu ya maadui ni boti. Siyo boti za Zanzibar, ni wachezaji bandia wa kujazia nafasi. Unampiga risasi, yeye kasimama tu kama sanamu la Askari pale Posta.

Na pingi nayo ikapanda. Pingi ni muda ambao amri ya kidole chako inaenda kwenye seva na kurudi. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar mpaka Frankfurt ni kama kilomita 7,000 ukinyoosha mstari, kwahiyo kwenda na kurudi tayari milisekunde 70 zimeondoka, na nyaya za baharini hazijanyooka hivyo. Mnakumbuka 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilivyopata hitilafu, nchi nzima tukawa tunahangaika?

Watu wakipungua, mnaunganishwa na kanda nyingine, seva inakuwa mbali zaidi, pingi inapanda, watu wanazidi kuhama. Mwisho gemu linafungwa. PUBG Lite ya kompyuta ilizimwa 29 Aprili 2021. Apex Legends Mobile ilizimwa 1 Mei 2023, hata mwaka haijafikisha. Skini ulizonunua ndo zimeenda na maji.

Sasa hapa ndo aibu yangu. Tunapenda kulaumu seva, ila hao watu wanaopungua ni sisi. Nilichoka kufa kabla sijamuona aliyeniua, nikalifuta gemu ili nipate nafasi ya picha kwenye simu. Kapteni akiniandikia, "Unaingia?" najibu, "Neti mbovu leo mwanangu." Miezi mitatu neti mbovu! Fundi kaoa, wa Kigamboni kahamia gemu la mpira. Nikajua mwenzangu atapata wengine.

Siku moja akanitumia voisi. "Mwanangu, wiki ya pili nacheza na watu nisiowajua, hakuna hata mmoja anayewasha maiki. Mi nilikuwa sifuati ushindi. Nilikuwa nafuata kahawa."

Nilikuwa Magogoni nasubiri pantoni. Nikaiacha ipite. Nikampigia, nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza mpaka nikahisi simu imekata. Halafu akacheka: "Nilijua kitambo. Neti mbovu gani inaweka stetasi kila saa?"

Sasa hivi nimelirudisha gemu, Jumamosi tunaingia wawili. Tunakufa mapema, tunabaki tunapiga stori. Siku nyingine hatuingii kabisa, nampigia tu, simu naiweka dirishani, vikombe vinagongwa. Wakilizima hilo gemu walizime, namba yake ninayo.

Haya, na wewe nani umemdanganya neti mbovu? Shuka hapo chini ukiri, hatutakucheka. Sana.